Kucha za Mzee Kondo

Mbweni, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Nakuomba usishuke tena bondeni kuteka maji mwenyewe, watoto wapo. Mimi mzima, ila joto la huku linanikondesha na usingizi umepungua. Sababu yake nitakueleza.

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa. Ni kituo cha wazee, cha watu binafsi, maana siku hizi serikali imeviruhusu. Wazee wetu wengi wamepoteza kumbukumbu. Sisi wahudumu tunawaogesha na kuwalisha. Daktari Eliwaza, mama mmoja mpole, anachunguza kwa nini ubongo wa mtu huzeeka. Anawaonyesha picha, jogoo, ufunguo, kikombe, anawauliza hiki nini. Wengi wanabaki kumtazama tu.

Yupo Mzee Kondo, zamani fundi cherehani kule Temeke. Mkewe, Bi Tatu, alikuwa anakuja kila alasiri na kalimati kwenye bakuli. Mzee hamjui.

"Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta mume wangu."

"Mungu akujaalie umpate."

Bi Tatu anacheka, halafu anamwomba mkono, anamkata kucha. Kwake yeye mzee anatulia. Sisi wengine tukishika mkasi tu, anarusha ngumi.

Wiki iliyopita niliingia chumbani kwake baada ya chai ya asubuhi. Nilimkuta ameketi kitandani, kucha zote zimekatwa, vipande vimekusanywa vizuri juu ya leso.

"Nani kakukata, mzee?"

"Nani tena kama si mke wangu! Hukupishana naye? Katoka sasa hivi."

Nilifurahi, Mama. Nikadhani kumbukumbu imerudi. Nikakimbia getini kumwahi Bi Tatu nimpe habari. Mlinzi akaniambia hajaingia mtu. Mkasi ulikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati anauvaa matroni shingoni. Mzee mwenyewe hawezi hata kushika kijiko.

Kabla ya adhuhuri akafika mtoto wao, Shabani, macho mekundu. Bi Tatu alikuwa amefariki alfajiri, nyumbani kwake.

Daktari alizitazama zile kucha kwenye leso muda mrefu. "Atakuwa mmoja wenu," alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Shabani akapiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, mama ametutoka."

Mzee akamwekea mkono kichwani. "Pole sana, kijana. Mama yako aliugua?"

Shabani alitoka nje akalia kama mtoto. Akasema bora baba abaki, watu makaburini watamshangaa. Nikamwambia, "Kaka, ni mkewe huyo. Mimi nitamshika mkono." Akakubali.

Makaburini nilimwekea udongo kiganjani, mzee akautupia kama wenzake, taratibu, kwa heshima. Kisha akaniinamia sikioni: "Tumzikeni upesi huyu mama wa watu. Tatu nimemwacha peke yake chumbani."

Tangu siku hiyo sijamvisha tena mzee shati. Nikienda asubuhi nakuta vifungo vimefungwa na nywele zimechanwa, zinang'aa mafuta. Wenzangu hawaingii chumba kile. Daktari alinipa nafasi ya kuhamia upande wa pili na nikakataa, kwa sababu Shabani aliniomba nisimwache baba yake. Na kweli, mzee sasa anakula, anacheka, hapigi mtu. Kwa nini nimkimbie mtu aliyepata raha?

Ila huwa siingii hivihivi. Zamani tulikuwa tunasukuma mlango tu. Sasa napiga hodi, nasubiri. Mzee ananiitikia, "Karibu." Na siku nyingine, Mama, nasikia "Karibu" mbili.

Nisalimie baba mdogo anayetulindia ng'ombe, na dada Neema na shemeji. Bibi mwambie dawa yake ya macho nitampa mtu anayepanda huko. Barua hii usimsomee. Ukienda kanisani, nitaje kwa jina, na Mzee Kondo pia.

Mwanao,
Festo