Fremuweki ya Issa kwenye Kompyuta ya Mama Zuhura

Jumanne

Tatizo la mwenzangu Issa, pamoja na chuo chake chote, hajawahi kuigusa ile kompyuta kuukuu ya Mama Zuhura kwenye stoo yake ya dagaa huku Bangwe. Kang'ang'ania programu ya hesabu za Mama tuitengeneze kwa fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea programu, inayobeba brauza nzima ndani, eti inapendeza.

Leo nimeijaribu hiyo ya Issa kwenye kompyuta ya Mama. Mama kaenda kuswali, karudi, bado kiduara kinazunguka, haijafunguka.

"We Ramadhani, hii kompyuta au mgonjwa?"

Nikaweka programu niliyotengeneza mwenyewe kwa fremuweki nyepesi, sura mbaya kama kambale. Ikafunguka Mama hata hajakaa.

"Mbaya, ila ikiitwa inakuja. Sio kama mume wangu. Nataka hii."

Sasa Issa nitamwambiaje? Kesho nambebea kompyuta yenyewe, akae aisubiri ifungue programu yake.