Macho ya Jarife

Malindi,
Jumapili, 14 Septemba 1986

Kwako dada yangu Shekha,

Assalaam aleikum, na shikamoo dada. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na shemeji Ngala na watoto, na kwamba kikohozi cha Tumu kimepoa. Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa tangu mama atutoke. Msala wake bado umekunjwa pale alipouacha. Hakuna mwenye moyo wa kuuondoa.

Dada, nakuandikia nikiwa nimechoka na watu. Unakijua kiwanja cha skuli ninachokitunza, ambako yule mwalimu wa Kimarekani aliwafundisha vijana besiboli. Mpira wake ni kama chungwa kwa ukubwa, lakini ukiushika ni jiwe lililovikwa ngozi. Ukipigwa vibaya na gongo huruka nyuma, huko huko wanakokaa watazamaji na wanakopita kina mama kuteka maji. Ndio uliompiga mama kwenye panja mwezi wa Juni, wala hakumaliza siku tatu.

Tangu matanga nimekwenda kwenye kamati ya kiwanja mara nne, nikitaka pawekwe wavu wa maana nyuma ya mpigaji. Mara ya kwanza Mzee Stambuli, mwenyekiti, aliniambia nivute subira, ajali haina kinga. Mara ya pili wajumbe hawakutimia. Mara ya tatu Charo, karani wao, aliniuliza kama nataka watazamaji waje na sufuria vichwani. Wakacheka wote, hata mimi nikacheka kwa haya, kisha nikajichukia njia nzima. Mara ya nne niliambiwa wavu upo, naulizia nini tena?

Wavu upo, kweli. Ni jarife kuukuu la Mzee Stambuli, la kuvulia papa, alilolitoa kwa moyo mweupe. Jana mpira ulipita ndani yake ukamvunja kidole Kabibi, muuza maji, aliyekuwa akipita na ndoo yake. Alisimama katikati ya kiwanja akatuuliza tunavua nini pale, maana yeye hajamwona papa akiruka juu ya nyasi. Mchezo ukaendelea.

Mama naye alikuwa akija kila Jumamosi na bisi zake ndani ya kikapu. Hakuijua sheria hata moja. Kijana akikimbia, aliniuliza amefanya nini hata afukuzwe, na akifika salama alimpigia kigelegele, awe wetu au wa wageni.

Sasa dada, lipo nililokuficha. Jarife lile nililifunga mimi. Siku ile nilipitisha ngumi yangu kwenye jicho lake, ikapita bila kugusa uzi, nikajua na mpira utapita. Mzee Stambuli alikuwa kando yangu, anatabasamu, na wewe unajua ni nani aliyetupa nyumba hii baba alipofariki. Niliona haya kumwambia zawadi yake haifai. Nikamshukuru. Mama alikuwa na desturi ya kukaa mbali, kule kwenye mwarobaini, kwa kuuogopa mpira. Ni mimi niliyemfuata nikamshika mkono, nikamwambia aje mbele aone vizuri, pana wavu. Alikaa pale kwa neno langu.

Ulipokuwa ukinibembeleza matangani, ukisema ni kadari, nilinyamaza. Kadari siikatai. Lakini miezi mitatu nimewakasirikia wanakamati kwa kunyamaza, na wa kwanza kunyamaza nilikuwa mimi.

Ijumaa baada ya Alasiri kamati inakaa. Nitayasema haya mbele ya Mzee Stambuli, hata kama itabidi tuhame. Sikutaka uyasikie kwa watu. Ukiwa na hasira, niandikie hiyo hasira; usinipoze.

Asubuhi ya leo nimekwenda kiwanjani peke yangu nikalifungua jarife, nikalikunja, nikaliweka barazani kwa mwenyewe. Bora watu waone pako wazi, wajue kukaa mbali.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji umpe mkono. Mungu akuweke.

Ni mimi nduguyo mdogo,
Awadh