Ushuhuda wa Kichwa Changu

Jumanne, 4 Machi 2025

Leo nimedanganya mbele za watu. Na wakanipigia makofi!

Darasa la wenye maumivu ya kichwa, kule hospitali. Derick, yule kijana wa fizio, wa mazoezi ya viungo, anafundisha vizuri jamani. Kichwa changu kinaanzia shingoni, kwa kuinamia cherehani kutwa nzima. Niinuke mara kwa mara, nirudishe kidevu nyuma, nizungushe mabega. Na dawa za maumivu, ukizimeza kila siku, zenyewe zinaleta kichwa. Nipunguze. Akauliza, Mama Elinami unaendeleaje? Nikasema vizuri sana. Akafurahi mno — yule ni rika la mwanangu Elinami, ningemwambiaje? Akaniita mbele niwaeleze wenzangu.

Maneno mawili yangetosha. Lakini sisi Walutheri, ukitusimamisha mbele za watu tunatoa ushuhuda. "Vidonge vyote nimetupa chooni! Sasa ni shingo na mabega tu, na Mungu!" Amina, amina. Derick alikuwa ameanza kusema jambo kuhusu dawa za presha. Hakusikika.

Diklofenaki mbili za maumivu nilizimeza pale getini, kabla sijaingia.

Jumatano, 5 Machi

Pudensiana, jirani yangu anayeuza ndizi hapa sokoni Maji ya Chai, kapita kwenye kibanda changu cha ushonaji akitoka misa, majivu kwenye paji la uso. Naye yumo darasani. Jana alilia niliposhuhudia. Kasema nimemfungua macho. Kwaresma hii hafungi nyama, anafunga vidonge. Nikampa hongera. Hongera! Mdomo huu utaniponza.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu kuacha kweli. Tangu juzi. Kwaya ilipoanza tu, kichwa kikagonga kama nyundo. Nikatoka, nikameza nyuma ya kanisa bila maji. Kidonge kikanikwama kooni. Narudi, Mama Godwin, naye wa lile darasa, ananisalimia, "Mwalimu wetu wa vichwa!" Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 11 Machi

Sikwenda darasani. Nimemwandikia Derick kwamba nina wageni. Wageni gani!

Jioni Pudensiana kapita, macho mekundu. Kichwa kinazidi, anaona vimulimuli, lakini anasema shetani ndivyo anavyowajaribu wanaofunga. Akauliza kama na mimi nilianza hivyo. Nikasema ndiyo, vumilia.

Kwa nini sikunyamaza tu?

Alhamisi, 13 Machi

Pudensiana kaanguka sokoni, juu ya ndizi zake. Presha. Sikujua hata kama ana presha!

Ijumaa, 14 Machi

Niko kwenye benchi nje ya wodi. Naandika hapa hapa.

Princess, binti wa Pudensiana, kanieleza yote. Mama yake alikuwa na vidonge vya presha, miaka sasa. Vilikwenda chooni pamoja na vya kichwa, siku ile ile ya Majivu, kwa sababu Mama Elinami alisema vyote. Wala hakunilaumu. Alinishika mkono, shikamoo mama, afadhali umekuja. Daktari amewaambia asipomeza leo, mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Na mama yake kafumba mdomo.

Nimeingia. Nikamwambia, mwenzangu, za presha ni nyingine, meza tu. Akanitazama kwa huruma. Huruma, mimi! "Na wewe wamekutuma? Ulitupa vyote ukapona. Mwaka huu sikatishi mfungo wangu." Nikatoka.

Derick kanifuata mpaka hapa nje. Kasema, mama, mimi hanisikii, anakusikia wewe. Yeye anajilaumu kwamba siku ile hakupaza sauti. Anajilaumu! Nikatazama viatu vyake. Akarudi ndani.

Ninajua la kufanya. Pudensiana hataki maneno, maneno yangu ndiyo yaliyomlaza pale. Anione nikimeza. Karatasi yangu ya diklofenaki imo kwenye pochi, imebaki nusu, na kichwa kinanigonga hivi sasa. Nimwambie, ona, sikutupa hata kimoja, meza na wewe.

Princess kachungulia mlangoni, kashika kikombe cha maji. Nimempungia mkono kwamba nakuja. Pochi iko mapajani, nimeshaifungua.

Derick bado yuko kando ya kitanda. Kwa nini hatoki? Atoke kidogo tu, asinione —