Afishi Juu ya Jina la Baba

Kilibula, Uvira, Jumatano

Kwako yaya Furaha,

Jambo yaya. Mumeamukaje huko Kalemie? Mutoto wako amepona kikohozi, ama bado analia kama mama yake mboga ikikosa chumvi? Huku tunapumua. Najua unaenda bandarini kila mashua ikifika, na Mama hashuki. Usilie. Mama iko muzima. Ni mukono wa kushoto ndio umevunjika, wameufunga plata, ile chokaa ngumu ya hospitali, na dokta hataki apande mashua kwanza. Minye nimepoteza meno mawili ya mbele, lakini wasichana wa huku wanasema sasa nacheka vizuri zaidi. Wacha nikupe yote tangu mwanzo, maana Baba mudogo atakupigia simu na atanichafua.

Unajua Mama alikuja kwa kitu kimoja: aguse jina la Baba kwenye ukuta wa wafu, ule waliojenga kwenye barabara ya Lubarika, pale soko lilipochomwa wakati wa vita na watu wakiwa ndani. Miaka yote iko anaambiwa tu kwamba jina limeandikwa. Siku ya ukumbusho ilikuwa Jumamosi. Baba mudogo alitaka tutoke kwa miguu. Nikamuambia atumie akili: siku ileile Muheshimiwa fulani iko na mitingi hapa Uvira, na kamyo ya chama itarudisha watu wa bondeni kwa barabara ileile ya Lubarika. Tunapiga makofi, tunapanda bure. Nani alitoa mpango? Mudogo wako, muntu wa darasa la tano.

Na sikuwa mupiga makofi tu. Wiki ile nilikuwa nabandika afishi za chama. Wanatupa ndoo ya uji wa muhogo, furushi la karatasi zenye sura ya Muheshimiwa, na pikipiki ya kutubeba. Mwenye kumaliza furushi wa kwanza anapewa tisheti za nyumba nzima. Nilimaliza wa kwanza. Shika hiyo, yaya, nitairudia, na nikiirudia sitacheka.

Mitingi ilianza kwa nyimbo ikaishia kwa fimbo. Muheshimiwa alisema wafu wetu ndio wanamutuma. Mama mumoja akamujibu kutoka mbele kwamba wafu hawana kadi ya chama. Vijana wa Muheshimiwa wakamuvuta yule mama kwa nywele, na vijana wa upande mwingine wakaja na mawe. Minye nilimupasua mumoja pua. Sawa, yeye ndiye alinipiga, lakini pua yake ilikutana na kichwa changu. Polisi wakapiga risasi juu, watu wakakanyagana. Nilimuona muzee anatafuta kiatu chini, na watu wanapita juu ya vidole vyake. Tukamubeba Mama, tukamutupa ndani ya kamyo kama gunia. Akatengeneza kitambaa cha kichwa, akaniangalia.

"Ndio hii bure yako?"

Wote tulikuwa na zile tisheti zangu, na Mama alikuwa amefunga kikwembe cha chama, uso wa Muheshimiwa kwenye makalio. Hakuna aliyewaza kubadilisha. Nguo mupya ni nguo mupya.

Tulipofika, jamaa za wafu walikuwa wamesimama na maua. Hawakuangalia kamyo. Walikuwa wanaangalia ukuta. Ukuta wote, yaya, ulikuwa Muheshimiwa, safu kwa safu, anacheka, kutoka chini mupaka mahali mukono wangu unafika.

Niliutambua. Ulikuwa umepakwa chokaa mupya, ukuta laini kupita zote za barabara ile. Na majina niliyaona, lakini ukuta wa wafu nilikuwa sijawahi kuufikia. Nilifikiri ni ya watu waliochanga kujenga, kama vile wanaandika kwenye kanisa letu. Kuyasoma kungenichelewesha, na nilikuwa nashindana.

Kisha wakageuka, wakaona tisheti zetu. Shofere wa kamyo walimutoa kwa dirisha. Walimupiga kwa mipini ya majembe, wanamuuliza nani alibandika. Kila akisema hajui, mupini unarudi. Mama hakuona hayo. Alikimbilia ukuta, akaanza kukwangua karatasi kwa kucha, anamutafuta Baba, yeye asiyejua kusoma hata herufi moja. Kijana mumoja aliona kikwembe tu. Akafikiri anazilainisha afishi. Akamupiga kwa chuma. Mufupa niliusikia kutoka kwenye kamyo.

Na mwingine alikuwa ameinua tofali juu ya kichwa cha shofere.

"Ni minye," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, si ile unayoijua. Nikarudia. "Muacheni huyo. Ni minye nilibandika."

Utasema najisifu. Muulize Baba mudogo, alikuwa chini ya kamyo, aliona miguu yote.

Tofali liliangushwa, wakanifuata minye. Meno yalitoka hapo. Nilikuwa nimelala, nameza damu na vumbi, ndipo nikasikia Mama.

"Mukimuua, mumeua mutoto wa muntu wa ukuta huu."

Muzee wa komite inayochunga ukuta akamuuliza muntu yupi. Mama hakuweza kuonyesha. "Iko humo ndani," akasema. "Huyu ndiye alimufunika."

Wakanipa maji na kipande cha beseni, nikwangue peke yangu. Uji wa muhogo ukikauka ni kama sementi, yaya. Afishi zilitoka na chokaa, chokaa ikatoka na majina. Mengine yalibaki nusu. La Baba lilibaki herufi tatu. Nyuma yangu watu walikuwa wanalia, hakuna aliyenipiga tena. Ningependa wapige.

Yule muzee akanipa kipande cha makaa. Nikaandika jina la Baba upya, polepole. Mama akaleta mukono wake muzima, nikapitisha kidole chake juu ya kila herufi.

"Una hakika ni yeye?"

"Ni yeye, Mama."

"Minye siwezi kujua," akasema. "Nakuamini kwa kuwa sina mwingine hapa."

Ndio maana naandika. Shofere anaishi, lakini jicho moja haoni. Minye komite imenipa kazi ya kurudisha majina yote kila Jumapili, kutoka kwenye daftari lao, na jamaa wa kila mufu anasimama nyuma yangu. Makaa hayatashinda mvua. Weye ulifika sekondari: njoo na rangi nyeusi, ile shemeji Amuri anapaka mashua, usome kazi yangu kabla sijaifunga kwa rangi. Mama atalala akisikia na sauti yako inasoma jina la Baba.

Nisalimie shemeji, na shangazi Nabintu na ndagala zake, vile visamaki vya kukausha. Katekista aliyenifukuza darasani mwambie sasa nasoma kwa sauti, mbele ya watu, na wananisahihisha.

Karatasi imeisha. Zamani nilikuwa natia sahihi "Simba wa Kilibula." Leo natia hii, niliyojifunza kwenye ukuta:

Bahati, mutoto wa Kashindi Mateso