Swali la Mzee Kanji

Jumatano, Kilindoni

Sijui kama nimeahidi jambo ninaloliweza.

Leo nikimkanda miguu Mzee Kanji, Mhindi ninayemhudumia, aliniuliza, "Zaituni, nikifa mtanizika?"

Kwao maiti huchomwa, na tangu mkewe afariki, Mhindu hapa mtaani amebaki yeye tu.

"Tutafuata dini yako, babu."

"Nyinyi Waislamu mtakubali kunichoma?"

Nilimaliza kumkanda nikaenda nyumbani. Jioni nikamweleza baba. Akasema, "Ni jirani yetu. Kuni nitatoa mimi."

Nikarudi kumwambia mzee. Akanywa uji wote, jambo ambalo hajalifanya wiki nzima. Halafu akasema kwao moto huwashwa na mtoto wa marehemu, naye hakujaliwa kuzaa.

"Nitawasha mimi," nikamwambia.

Naiogopa siku hiyo. Lakini nimeshamwambia.