Mpira wa Mafuta Haukupasuka

Dada yangu mpendwa,

Nina haraka, lakini mama hatanisamehe nikiruka salamu. Natumai mbavu zimepoa na sasa unaweza kucheka bila kulia. Mimi mzima, ila bega limevimba, ndiyo maana mwandiko wangu umelewa.

Asubuhi hii gari lenu lilivutwa kutoka uani kwenu hadi gereji kwangu, na shemeji akaja nalo. Alirudia yaleyale uliyoniambia wewe: usukani uligoma, gari likawapeleka ukutani, upande wako. Akaniomba nikuhakikishie kwamba mpira wa mafuta ulikuwa mkuukuu, ukapasuka.

Nikafungua boneti. Unajua ninavyopenda kuhubiri habari za usukani, leo nivumilie. Injini huzungusha mkanda, mkanda huendesha pampu, na pampu husukuma mafuta kwa nguvu kupitia ule mpira. Mafuta hayo ndiyo yanayosaidia kugeuza magurudumu. Dereva anaelekeza tu. Yakimwagika, usukani unakuwa mzito mpaka utokwe jasho, lakini haupindi gari wenyewe. Barabara ile imenyooka, dada. Gari lingenyooka nayo.

Tena mpira wenyewe umekatwa kwa kisu. Dereva wa gari la kuvuta, aliyelivuta pia siku ya ajali, alininong'oneza kwamba siku ile pale ukutani hapakuwa na hata tone la mafuta. Dimbwi amelikuta leo, uani kwenu.

Nilipomuuliza shemeji aliukata lini, alinyakua mpini wa jeki akanipiga nao begani. Damu ilinichemka. Nilimtandika spana mdomoni, meno mawili yakaangukia kwenye beseni la mafuta machafu. Akaanguka, nikamkalia kifuani. Hapo akacheka, damu ikimtoka, akasema ukuta ule ungekuwa wa zege, leo asingekuwa na mke wa kuuguza. Nikampiga tena, na tena, mpaka mafundi wenzangu wakanishika mikono. Sijutii.

Nilipiga simu yako palepale, ikaita mfukoni mwake. Sasa anashonwa midomo hospitali, na akimaliza atarudi hapo ulipolala.

Aliyekupa barua hii ndiye dereva niliyekutajia. Kwenye kiti cha mbele nimeweka mto wa kuegemeza mbavu. Mama anakusalimu, ameshatandika kitanda chako cha zamani. Usifungashe kitu. Panda.

Mdogo wako,
Grisi, kama ulivyoniita mwenyewe