Mume Wangu Anasema Meli Imeshikwa na Vyeti

Mimi Baba Kiende nina bahati mpaka majirani zangu hapa Meru wananinunia. Wao safari zao ziliishia Nkubu, hapo tu karibu. Mimi nimekunywa chai Singapore, nimenyolewa ndevu Durban, na dhoruba ilipotupiga nje ya Karachi, mabaharia wakitapika kila pembe, niliuliza kama kuna wali uliobaki. Kwa hivyo barua hii ya kutoka Kibugu ilipofika kwenye meza yangu ya kujibu barua za wasomaji, nilijua imempata mwenyewe. Isomeni kwanza.

Mpendwa Baba Kiende,

Naomba unisaidie haraka kwa sababu nikichelewa kidogo tu nitakuwa sina bwana. Mimi ni Wawira, nachuma majani chai hapa Kibugu, na bwana yangu Njuki ni fundi wa injini kwenye meli ya mizigo, na tangu aende tulikuwa tunaongea vizuri, ananitumia picha za mawimbi na za samaki wanaoruka, mpaka meli yao ilipoingia bandari moja huko Uarabuni, wakaguzi wakapanda wakauliza vyeti, wakakuta vimeisha muda, na tangu siku hiyo meli haijasonga, na kila nikimpigia anataja karatasi, leo ni cheti cha mashua za kuokolea watu, kesho ni cheti cha redio, kesho kutwa ni cheti cha kuonyesha meli haimwagi mafuta baharini, mpaka nikamuuliza, Baba Wambeti, kwani wewe ni baharia ama ni karani?

Sasa hapa kwetu lori la kubeba majani lina taa moja na stika yake ya ukaguzi ilififia zamani, lakini kila jioni linapanda mlima na polisi wanalipungia mkono, kwa hivyo nikisema meli kubwa kuliko shule ya upili imeshikwa na karatasi, watu wanacheka. Karwirwa, rafiki yangu tunayepanga naye foleni pale baying, kituo cha kununulia majani, tukipima, aliniambia bwana yake wa kwanza alikuwa dereva na gari lilikuwa linamharibikia Timau kila mara, siku moja akamfuata, akakuta gari ni zima kabisa na limeegeshwa nje ya nyumba yenye mke na mapacha. Akaniuliza, "Yako imeharibikia wapi, mama?"

Nikamwambia Njuki basi shuka hiyo meli uje nyumbani. Akasema hawezi, eti kuna cheti kingine kinachosema meli lazima iwe na watu wasiopungua idadi fulani, na yeye amehesabiwa hapo, akitoka hakuna wa kushika nafasi yake. Anasema mji anauona, taa za maduka anaziona, lakini hawezi kushuka kununua hata sabuni. Baba Kiende, ni mtu gani anaona duka na hawezi kuliingia?

Baba yangu amesikia haya yote na amechoka. Amesema Jumapili tukitoka kanisani atarudisha mbuzi za mahari za kina Njuki, nami nimbebe mtoto wetu Wambeti nirudi nyumbani, na wewe unajua mbuzi zikisharudi hakuna ndoa tena. Bado nampenda huyu mtu, lakini sitaki kuwa mjinga wa Kibugu nzima. Kweli karatasi inaweza kushika meli? Na kwa nini meli inahitaji karatasi nyingi hivyo? Hilo nataka kulijua hata kama ananidanganya.

Wawira, Kibugu

Wawira binti yangu,

Pole sana. Nimemaliza kukuonea huruma, sasa keti nikugombeze.

Kosa lako ni kupima bahari kwa lori la Kibugu. Lori linasimamishwa na askari mmoja, na askari mmoja ana shida zake. Meli haitoki bandarini kwa nguvu zake peke yake. Kuna rubani wa bandari anayepanda kuionyesha njia, na kuna vimeli vya kuivuta mpaka igeuke. Wakaguzi wakisema isitoke, rubani hapandi, vimeli havivuti, na watu wa bima wanajifanya hawaijui. Itatoka na nani?

Umeuliza kwa nini vyeti ni vingi. Ni kwa sababu bahari haina kando ya barabara. Lori likikwama mnashuka, mnalisukuma mtaroni, mnaenda kulala. Huko hakuna pa kushuka, kwa hivyo maswali yote yanaulizwa mapema, na kila cheti ni jibu la swali moja. Mashua za kuokolea zinashuka majini ama zimeshika kutu? Redio itasikika mkianza kuzama? Mmebeba kupita kiasi? Hata hilo la mzigo lina alama yake, duara lililokatwa na mstari, limechorwa ubavuni mwa meli; maji yakiufunika mstari, mmezidisha. Jambo hilo lilinifurahisha mpaka nikachora alama kama hiyo kwenye mkokoteni wetu. Tangu hapo punda ananisalimia.

Vyeti vikiisha muda, lazima mkaguzi apande, apekue, atie sahihi upya. Mkaguzi halipwi kwa maombi. Mwenye meli akiona gharama inakaribia thamani ya chuma chake, anazima simu, na mabaharia wanabaki hapo kama mnavyobaki nyinyi lori likikosa kuja na majani yakanyauka. Hilo la idadi ya watu pia ni kweli. Meli haiachwi bila mtu, isije ikakata kamba ikagonga wenzake. Na mji wa wenyewe huuingii kwa kuuona, unataka kibali.

Njuki naye nina neno lake. Amekutajia vyeti vyote isipokuwa kile kinachomhusu yeye. Meli kama hiyo inatakiwa kubandika ukutani, mahali mabaharia wanakiona, cheti cha bima ya mabaharia waliotupwa na mwajiri. Bima hiyo ni ya chakula, ya sehemu ya mshahara wao, na ya nauli ya kuwarudisha makwao. Juu yake kuna jina la kampuni ya bima na mtu wa kupigiwa simu. Huenda kila siku anakula ugali wake amekipa mgongo cheti hicho.

Kwa hivyo leo akipiga, usimwulize habari za wanawake. Mwambie hivi: "Baba Wambeti, nenda hapo mnapokula chakula, piga picha ile bima ya kuwarudisha nyumbani, unitumie sasa hivi." Hata kama nayo imeisha muda, aipige picha. Umwombe pia nambari ya meli, ile iliyochorwa mwilini mwake, ambayo haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina. Vyote viwili vipeleke kwa chama cha mabaharia Mombasa na kwa ofisi ya serikali ya mambo ya bahari. Kwa nambari hiyo wataiona meli iko wapi na inamilikiwa na nani. Halafu mpelekee baba yako picha hizo kabla ya Jumapili. Hajakosea kumlinda binti yake, amekosea tarehe. Mwambie kwa heshima mbuzi zingoje jibu la Mombasa. Na nambari hiyo ikionyesha meli inakata mawimbi huku Njuki anasema imefungwa, niandikie tena, nitakuja Kibugu mwenyewe nikubebee sanduku.

Lakini sidhani. Ukitaka kumjua mtu anayedanganya habari za bahari, rudi juu usome nilivyoanza. Dhoruba, wali, chai Singapore. Mwongo anachagua vitamu. Njuki anakuletea cheti cha redio na sabuni aliyoikosa. Nani angejitungia uwongo mkavu hivyo?

Haya yote ya vyeti nilielezwa juzi na Suleiman, shemeji yake Idrisi wa bucha pale Majengo, ambaye alifanya kazi melini mpaka magoti yakakataa ngazi. Singapore nimeiona kwenye kalenda. Mimi meli sijapanda hata moja.